PS5 ipo Moshi, mimi nipo Dar na bando la 4G: kwa nini Remote Play inachelewa usiku ilhali kasi ni kubwa?

#1 PediYaKibosho

Habari zenu wakuu. Nimehamia Dar es Salaam kikazi tangu Januari, na PS5 yangu (konsoli ya gemu ya Sony) nimeiacha nyumbani Moshi kwa mdogo wangu, kwa sababu chumba nilichopanga hakina televisheni wala nafasi ya kuiweka. Nimeweka kwenye simu ya Android programu ya PS Remote Play, inayoleta picha ya PS5 kwenye simu kupitia intaneti na kurudisha amri za pedi, nikaunganisha pedi ya DualSense kwa Bluetooth, na nacheza kwa bando la 4G. Mchana wa Jumamosi mambo huwa mazuri hata nasahau kwamba mashine ipo mkoa mwingine. Ila ikifika saa mbili usiku picha inaanza kuvunjika vipande vipande, na mbaya zaidi pedi inachelewa kutii: nabonyeza pasi, beki anafika, ananinyang'anya mpira, halafu ndipo mchezaji wangu anarusha mguu hewani.

Jambo linalonisumbua ni hili. Nikipima kasi kwenye simu saa hiyo hiyo ya usiku napata megabiti 38 kwa sekunde, wakati Sony wenyewe wanasema 5 zinatosha kwa kuanzia na 15 kwa ubora mzuri. Kama kasi ipo zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa, tatizo liko wapi? Nimejaribu kupima kwa njia yangu mwenyewe: nilirekodi kidole changu pamoja na kioo cha simu kwa kamera ya simu nyingine inayochukua picha 240 kwa sekunde, kisha nikahesabu picha moja moja tangu kitufe kinapozama hadi mchezaji anapoanza kusogea. Mchana nilihesabu picha 41, usiku 74. Mwenye ufahamu naomba anisaidie.

#2 Nahodha_wa_Tanga

Mkuu, ninavyofahamu programu hiyo haikubali data ya simu kabisa, inataka waifai pekee. Huenda simu yako inashika waifai ya jirani bila wewe kujua, na jirani akirudi kazini jioni mnagawana.

#3 ShangaziWaGemu

Nahodha, hiyo ilikuwa kweli zamani. Simu nyingi za Android ziliruhusiwa kutumia Remote Play mwaka 2019, na wakati huo ni kweli ilikuwa waifai tu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 toleo la 4.0 lilipotoka, data ya simu ikafunguliwa, na kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua ubora wa picha unapotumia data. Huenda unachanganya na kile kifaa cha mkononi cha PlayStation Portal cha mwaka 2023, ambacho hakina sehemu ya laini na kinadai waifai au hotspoti. Pedi, hebu angalia umechagua ubora gani kabla hatujafika mbali.

#4 FundiRauta

Mwenye uzi umepima upande mmoja tu wa daraja. Zile megabiti 38 ni za kupakua kwenye simu yako Dar, lakini picha ya gemu haianzii Dar, inaanzia Moshi, na kwa upande wa Moshi inapandishwa, yaani inatumwa kutoka nyumbani kwenda mtandaoni. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: intaneti ya nyumbani inapandisha megabiti ngapi? Watu wengi wanaishia hapa. Nilimfungia mteja mmoja konsoli kwenye laini ya shaba ya ADSL, inashusha vizuri tu, lakini ADSL hata ile ya kizazi cha pili hupandisha megabiti 1 na kitu, na hata ukiwa na simu ya 5G huku upande wa pili, huwezi kupokea kisichotumwa. Rauta za laini ya 4G nazo hupandisha kidogo kuliko zinavyoshusha.

Tuambie mambo matatu: aina ya intaneti ya nyumbani, kasi yake ya kupandisha ikipimwa saa mbili usiku, na kama PS5 imeunganishwa na rauta kwa waya au kwa waifai.

#5 Mzee_wa_Bando

Mimi nashangaa zaidi gharama. Ukicheza kwa megabiti 15 unakula gigabaiti 15 kwa saa, bando la wiki linaisha kabla ya dakika 90 za mpira. Hilo ndilo tatizo la kwanza la kujadili.

#6 ShangaziWaGemu

Mzee wangu, hapo umechanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti 15 kwa sekunde ni megabaiti 1.875 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 unapata gigabaiti 6.75 kwa saa. Kwa megabiti 5 ni gigabaiti 2.25. Bado ni nyingi kwa mtu anayenunua bando la siku, nakubaliana nawe kwa hilo, lakini si 15.

#7 PediYaKibosho

Ahsanteni sana. Dada Shangazi, ubora niliouchagua kwa data ni ule wa juu kabisa. Fundi, nyumbani kuna faiba ya megabiti 20 kupanda na kushuka. Nilimwomba mdogo wangu apime jana saa mbili usiku akapata 19 kupandisha, kwa hiyo sidhani kama kasi ya kule ndiyo inayotuangusha. PS5 imeunganishwa kwa waifai, rauta ipo sebuleni na mashine ipo chumbani, kuna ukuta mmoja wa tofali kati yake.

Pia nimepima pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, kutoka simu yangu hadi nyumbani. Mchana huwa milisekunde 48 mpaka 55. Usiku inaanza 60, inaruka 210, inarudi 70, inaruka 400, haitulii.

#8 BwanaMnara

Nimefanya kazi ya minara kwa miaka kadhaa, na maelezo ya mkuu yananielekeza moja kwa moja kwenye mnara unaomhudumia Dar. Kipimo cha kasi hufungua njia kadhaa kwa pamoja, hujaza bomba kwa sekunde kumi au zaidi, kisha hukupa wastani. Gemu haitaki wastani. Gemu ya fremu (picha) 60 kwa sekunde inataka kila fremu ifike ndani ya milisekunde 16.7 tangu iliyotangulia, na ile inayochelewa haina faida tena, ni kama mgeni anayefika harusini watu wamekwisha kukunja turubai.

Mnara hugawa muda kwa simu zote zilizo chini yake. Saa nane mchana wa Jumamosi mtaa wako upo nusu tupu. Saa mbili usiku kila nyumba ina mtu anayeangalia video. Mwenye video hasikii kitu, kwa sababu programu yake imeshaweka akiba ya sekunde nyingi mbele. Wewe huna akiba hata ya sekunde moja. Isitoshe, simu haitumi inapotaka: lazima iombe ruhusa kwa mnara kila inapokuwa na kitu cha kupeleka, na amri za pedi yako ni vipande vidogo vidogo vinavyoomba ruhusa wakati wote. Kipande kikiharibika hewani, kwenye 4G kinarudiwa baada ya milisekunde kama 8, na ukiwa ndani ya chumba chenye bati na ukuta mnene kinaweza kurudiwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo megabiti 38 zako ni za kweli, na kuchelewa kwako ni kwa kweli pia.

#9 Karani_Nairobi

Naheshimu maelezo ya Bwana Mnara, ila kuna jambo ambalo halijatajwa, nalo ni njia. Mimi niko Nairobi, na mwaka jana nilikuwa na shida inayofanana: faiba ya nyumbani ya kampuni moja, laini ya simu ya kampuni nyingine. Nilipofuatilia njia ya vipande vya data, hatua kwa hatua, nilikuta vinatoka Nairobi, vinashuka Mombasa, vinaingia baharini, vinafika Ulaya, kisha vinarudi Nairobi hadi sebuleni kwangu, umbali wa kilomita 6 kutoka ofisini nilipokuwa nimekaa. Pingi ilikuwa 190. Hilo hutokea pale kampuni mbili zinapokuwa hazikutani kwenye kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa nchini kama KIXP, au zinakutana lakini kiungo chao kimejaa. Kwenu Tanzania kuna TIX pale Dar na kingine Arusha. Je, faiba ya Moshi na laini yako ya simu ni za kampuni moja?

#10 FundiRauta

Karani, hoja yako ni nzuri lakini kwa mkuu haikai. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kwenda na kurudi kwa kila kilomita 100 ni milisekunde 1. Hata tukisema waya wa Moshi hadi Dar una kilomita 600, hiyo ni milisekunde 6 tu. Pingi yake ya mchana ni 48, ambayo kwa 4G ni ya kawaida kabisa. Safari ya Ulaya kwenda na kurudi ingempa zaidi ya 100 hata mchana.

#11 Karani_Nairobi

Sijasema njia ni ile ile saa zote. Kiungo cha ndani kikijaa usiku, kampuni inaweza kuhamishia sehemu ya mizigo kwenye njia ndefu. Ndiyo maana namwomba afuatilie njia mara mbili, saa nane mchana na saa mbili usiku, kisha alinganishe. Bila hilo sote tunakisia.

#12 Nahodha_wa_Tanga

Nakubali nilikosea kule juu, ahsante Shangazi. Ila nina wazo jingine. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, ndiyo maana wengi wetu tuna akaunti za Uingereza au Afrika Kusini. Je, si akaunti ya Uingereza ndiyo inayopeleka picha Uingereza kwanza?

#13 ShangaziWaGemu

Hapana, Nahodha. Seva za Sony hufanya kazi ya mshenga: zinaitambulisha simu kwa konsoli na konsoli kwa simu, kisha hizo mbili zinazungumza zenyewe. Nchi ya akaunti haibadilishi njia ya picha. Ugumu mwingine upo kwenye utambulisho wenyewe, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya mtandaoni (IP) ya nje, na ukiona anwani ya simu inaanza na 100.64 na kuendelea hadi 100.127, ujue upo ndani ya kundi hilo. Pande zote mbili zikiwa hivyo, mara nyingine muunganisho unakataa kabisa. Lakini kwa mwenye uzi muunganisho unafanyika, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni.

#14 Mama_Ayubu_Unguja

Salaam wanangu. Mimi si mtaalamu, lakini nina uzoefu. Kijana wangu anafanya kazi Muscat na konsoli yake ipo hapa kwangu Unguja. Anacheza akiwa huko, na anaponipigia huniambia kwamba mpira haumkubali hata kidogo, ila michezo ya zamu, ile ya kufikiri kwanza ndipo ubonyeze, anaicheza usiku kucha bila malalamiko. Mzigo wangu mimi ni umeme. Umeme ukikatika na kurudi, ile mashine haiamki tena kwa mbali mpaka niende mwenyewe nikaibonyeze, na alinifundisha kuirudisha kwenye hali ya mapumziko ili aweze kuiamsha kutoka huko. Sasa tumeinunulia betri ya akiba pamoja na rauta. Mwanangu wa Moshi, hakikisha na rauta ipo kwenye betri, kwa sababu mashine peke yake haifai kitu.

#15 PediYaKibosho

Shikamoo mama, na ahsante. Rauta kweli haina betri, nitaifanyia kazi. Karani, kampuni ni mbili tofauti. Nimefuatilia njia mara mbili kama ulivyoagiza. Mchana hatua zote zinaonekana kuwa za ndani ya nchi. Usiku hatua ni zile zile kwa majina, ila hatua mbili za katikati hazijibu kabisa, zinaonyesha nyota tupu.

#16 Karani_Nairobi

Nyota hazithibitishi wala hazikanushi, vifaa vingi huacha kujibu maswali ya namna hiyo vinapoelemewa. Lakini kuelemewa kwenyewe kwa hatua za katikati ndiko ninakokusema tangu mwanzo.

#17 Mjomba_Foleni

Nimesoma uzi wote na naona mmeiruka nyumba ya Moshi haraka mno. Mkuu alisema kasi ya kupandisha usiku ni 19, lakini kipimo hicho kilifanywa na mdogo wake akiwa ameketi, simu mkononi, akisubiri jibu. Swali langu ni: mdogo wako anarudi nyumbani saa ngapi, na simu yake inafanya nini ikishika waifai?

Rauta nyingi za bei ya kawaida zina foleni ndefu sana ndani yake. Simu moja ikianza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, inaijaza foleni ile, na kila fremu ya gemu yako inasimama nyuma ya picha za harusi ya binamu. Hakuna kinachopotea, kila kitu kinafika, ila kinafika kimechelewa milisekunde mia mbili au mia nne, sawasawa na hizo namba zako zinazoruka. Mhandisi wa programu Jim Gettys alilieleza tatizo hili kwa kina tangu miaka ya 2010 na 2011, na dawa yake ni rauta inayopanga foleni kwa haki, yenye programu ya kupanga foleni kama fq_codel au CAKE, ili kipande kidogo kisisubiri nyuma ya mzigo mkubwa. Nyumbani kwangu nilibadilisha rauta na pingi ikiwa na mzigo ikashuka kutoka 350 hadi 30, kwa laini ile ile na malipo yale yale.

#18 BwanaMnara

Mjomba, foleni ipo hata kwenye mnara, na ile hakuna rauta ya nyumbani itakayoipanga.

#19 PediYaKibosho

Mjomba, umenigusa mahali. Mdogo wangu anarudi saa moja na nusu, na simu yake imewekwa kuhifadhi picha kila inaposhika waifai. Jana nilimwomba aizime kabisa kuanzia saa mbili hadi saa tatu. Pingi haikufika 400 hata mara moja, ilicheza kati ya 60 na 180. Nilihesabu picha 55 badala ya 74. Nilifurahi sana, nikadhani tumemaliza. Leo nimerudia vile vile, simu imezimwa, nikapata 71.

#20 FundiRauta

Umeshawahi kupima mashine ikiwa nyumbani, mbele ya televisheni, bila Remote Play? Gemu yenyewe ina uchelewaji wake, na konsoli inahitaji muda wa kufinya picha, na simu inahitaji muda wa kuifungua. Bila namba hiyo hujui mtandao unakudai kiasi gani.

#21 PediYaKibosho

Nimemwelekeza mdogo wangu, amepima kwa njia ile ile mbele ya televisheni: picha 24.

#22 ShangaziWaGemu

Hapo sasa tuna cha kushika. Picha 24 kati ya 240 ni milisekunde 100, hizo ni za gemu na televisheni. Mchana wako ni 171, kwa hiyo Remote Play na mtandao vinakuongezea takriban 71, na hilo linavumilika. Usiku wako mbaya ni 308, yaani nyongeza ya 208. Tofauti ya mchana na usiku, takriban 137, ndiyo tunayoitafuta, na haiwezi kuwa ya konsoli, kwa sababu konsoli haijui kwamba kumekucha au kumekuchwa.

#23 Dereva_wa_Usiku

Simu inajua, lakini. Mimi nilikuwa na shida hii hii na ikawa ni joto. Usiku nilikuwa nacheza simu ikiwa inachaji juu ya kitanda, dakika ishirini baadaye inachemka, prosesa inapunguza kasi, na kufungua picha kunachelewa. Ukiongeza na hali ya kuokoa betri ndiyo kabisa. Toa chaji, toa kava, zima hali hiyo, halafu upime.

#24 Mzee_wa_Bando

Kwangu mimi dawa ilikuwa VPN, ile programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza. Bila VPN usiku hakuchezeki, nikiiwasha kunachezeka. Naamini kampuni za simu zinabana aina fulani ya mawasiliano saa za msongamano.

#25 BwanaMnara

Mzee wangu, VPN inaongeza safari, haiwezi kukuongezea nafasi kwenye mnara. Huenda siku uliyoiwasha ndiyo siku mtaa ulikuwa umetulia.

#26 Karani_Nairobi

Bwana Mnara, VPN inabadilisha njia ya katikati, na hilo ndilo ninalolisema kwa mara ya tatu. Kama kwa Mzee ilisaidia usiku baada ya usiku, basi mnara wake haukuwa na hatia.

#27 PediYaKibosho

Nimefanya haya kwa siku tatu. Kutoa chaji na kava: hakuna badiliko ninaloweza kulihesabu. VPN yenye seva Nairobi: usiku wa kwanza picha 58, usiku wa pili 69. Kushusha ubora wa picha hadi 540p: hapa picha haivunjiki tena, na bando linadumu, ila pedi bado inachelewa ikifika saa mbili na nusu. Nilipanda juu ya paa la nyumba ninayokaa, ambako mnara unaonekana kwa macho, nikahesabu 52 kwa saa ile ile ambayo chumbani nilihesabu 68.

#28 BwanaMnara

Paa limesema.

#29 Mjomba_Foleni

Paa limesema sehemu yake, mkuu. Kutoka 68 hadi 52 ni milisekunde 67, na bado zimebaki kama 46 juu ya mchana wake. Tena PS5 yenyewe ipo kwenye waifai nyuma ya ukuta wa tofali, na majirani wa Moshi nao wanawasha rauta zao jioni. Waya haujavutwa bado.

#30 PediYaKibosho

Nakwenda Moshi wikendi ya mwisho wa mwezi. Nimeshanunua waya wa mita 15, nitauvuta kutoka sebuleni hadi chumbani, na nikirudi Dar nitapima usiku tano mfululizo, simu ya mdogo wangu ikiwa imezimwa. Nitaziweka namba zote hapa.

#31 FundiRauta

Ukiwa kule, kabla hujavuta waya, zima waifai ya simu yako na ucheze kwa data ukiwa chumba kile kile ilipo PS5, saa mbili usiku. Mnara utakuwa mwingine, nyumba itakuwa ile ile. Hesabu picha, ndipo uvute waya.

#32 Karani_Nairobi

Na utumie laini ile ile, usiazime ya mdogo wako.